Dostoïevski na Anna katika kiangazi cha Baden-Baden

Wengi wetu tulimfahamu Fiodor Dostoïevski kwa Kifaransa, kupitia Crime et Châtiment: mwanafunzi fukara, shoka, mwanamke mzee anayekopesha kwa rehani. Ni wachache wanaojua kwamba kitabu hicho kilianza kuandikwa Wiesbaden mwaka 1865, katika hoteli iliyokuwa imekataa kumpa mwandishi chakula cha mchana kwa sababu ya deni. Fedha zake zote zilikuwa zimebaki kwenye meza ya ruleti. Aliyeandika juu ya rehani aliijua rehani.

Alizaliwa Moscow mwaka 1821. Habari za kukamatwa kwake, za kusimamishwa mbele ya bunduki na za miaka minne ya kifungo Siberia zinasimuliwa kila mahali, nami nazipita. Tumtazame baada ya hapo, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye kifafa, aliyebebeshwa madeni ya gazeti la kaka yake Mikhaïl aliyefariki mwaka 1864.

Mwaka 1863, huko huko Wiesbaden, alishinda zaidi ya franka 10,000. Nathubutu kusema kwamba ushindi ule ulimdhuru kuliko hasara zote zilizofuata. Tangu siku ile aliamini kwamba ana siri: mchezaji akitia moyo baridi, asipandwe na hamu, hana budi kushinda. Lakini gurudumu halina habari na moyo wa mtu. Lile lenye sifuri moja lina vishimo 37, na anayepata namba yake hulipwa mara 35 ya dau. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mshahara wa nyumba, na kadiri mtu anavyokaa mezani ndivyo anavyoulipa.

Mwaka 1865 alitia sahihi mkataba na mchapishaji Stellovski kwa rubli 3,000. Kama riwaya mpya isingekabidhiwa kufikia tarehe 1 Novemba 1866, Stellovski angepata haki ya kuchapa kazi zake bila malipo kwa miaka tisa. Oktoba ilipoanza, hapakuwa na ukurasa hata mmoja. Ndipo alipoletewa Anna Grigorievna Snitkina, msichana wa miaka 20, mwanafunzi wa hatimkato. Yeye alisema, Anna akaandika, na kwa siku 26 Le Joueur ikakamilika. Siku ya kukabidhi Stellovski hakuonekana, ikabidi muswada uandikishwe kituo cha polisi. Ndani ya riwaya hiyo kuna nyanya mmoja anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi kasino, akizungukwa na jamaa wanaongoja urithi wake. Anaweka dau kwenye sifuri, anashinda, kisha anarudi na kupoteza. Anna aliyaandika hayo kwa mkono wake. Hakuna bibi harusi aliyewahi kuonywa waziwazi zaidi.

Walioana Februari 1867. Miezi miwili baadaye, ili kuwakimbia wadai na ndugu wa mume waliozoea kulishwa naye, Anna aliweka rehani samani za mahari yake wakaondoka Urusi. Walidhani watakaa miezi mitatu. Walikaa zaidi ya miaka minne.

Mwanzoni mwa Julai 1867 walifika Baden-Baden. Walipanga vyumba juu ya karakana ya mhunzi, nyundo zikianza mapema, na Anna alikuwa mjamzito. Siku zao zilifanana. Mume huchukua sarafu chache na kwenda kasino; mara nyingine mke hufuatana naye, mara nyingi hubaki akihesabu zilizosalia. Baada ya muda mume hurudi, uso umebadilika, hupiga magoti, hujiita mwizi, huomba nyingine. Anna humpa. Kuna siku tatu alizoshinda hadi franka 4,000, na nyumbani kukawa na furaha na matunda mezani. Mke alimsihi waondoke siku ile ile. Hawakuondoka. Zikafuata hereni na bruchi alizompa kama zawadi ya arusi, kisha makoti, kisha pete zao za ndoa. Katikati ya hayo Dostoïevski alikwenda kumsalimia Tourgueniev, aliyekuwa akimdai, wakagombana juu ya Urusi na Ulaya. Hata siku ya kuondoka, mwezi Agosti, alirudi mezani.

Mtu atauliza kwa nini Anna hakuzificha fedha. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba aliuona mchezo ule kama ugonjwa, wala si uovu, na kwamba aliona lawama hazingeuponya. Maelezo hayo ni ya mjane anayelinda jina la mumewe, nami huyasoma kwa tahadhari. Hata hivyo matendo yake yanalingana nayo.

Huko Genève alizaliwa Sofia, Machi 1868. Alifariki Mei, hajatimiza miezi mitatu. Katika muda huo mfupi baba alikuwa ameshapanda treni kwenda kucheza Saxon-les-Bains. L'Idiot iliandikwa katika msiba huo.

Aprili 1871, Les Démons ikiwa imekwama, Anna mwenyewe alimpa sehemu ya akiba yao aende Wiesbaden. Alipoteza zote, akapoteza na nauli aliyotumiwa ya kurudia. Usiku alikimbia kumtafuta padri wa Kirusi, akapotea njia. Jengo alilolidhania kanisa lilikuwa sinagogi. Alimwandikia mkewe kwamba ndoto ile iliyomtesa karibu miaka kumi imekwisha. Ahadi za namna hiyo Anna alikuwa amezipokea nyingi. Hii ilitimia: hakucheza tena hadi kifo chake mwaka 1881. Wapo wanaosema ni kwa sababu kasino za Ujerumani zilifungwa mwishoni mwa 1872. Lakini Monaco haikufungwa, na mchezaji mwenye kiu huijua njia.

Baada ya kurudi Petersburg, Anna alichapisha Les Démons mwenyewe mwaka 1873 na kuuza vitabu kutoka nyumbani, na madeni yakalipwa kidogo kidogo. Siku za Baden-Baden tunazijua hasa kwa shajara yake, aliyoiandika kwa hatimkato ambayo mume hakuweza kuisoma hata ikiwa wazi mezani. Uzeeni aliinakili sehemu kwa herufi za kawaida, ikachapishwa mwaka 1923, miaka mitano baada ya kufariki kwake Yalta. Waliokuja kusoma hatimkato zilizosalia na kuzilinganisha na nakala yake waligundua kwamba mahali kadhaa, palipokuwa na hasira ya mke wa miaka ishirini, mjane alikuwa amelainisha maneno.