Mtakatifu Ambrosi, Askofu Aliyewafundisha Watu Kuimba

Katika parokia nyingi twasikia mabishano juu ya nyimbo za ibada. Wazee husema kwamba zile za zamani ndizo takatifu. Vijana hujibu kwamba ngoma na vinanda vya umeme ndivyo viamshavyo mioyo. Kwa ajili yao wote twapenda kukumbusha maisha ya Mtakatifu Ambrosi.

Ambrosi alikuwa liwali wa serikali ya Kirumi katika mji wa Milano, Italia. Mwaka 374 Askofu wa mji alifariki, na watu wakagawanyika: huku Wakatoliki, huku wafuasi wa Ario, waliokana kwamba Kristu ni Mungu sawa na Baba. Liwali alikwenda kanisani kutuliza ghasia, na umati ukapaza sauti kumtaka yeye awe Askofu. Naye alikuwa bado mkatekumeni! Alijaribu kukwepa, asiweze. Akabatizwa, na baada ya siku chache akawekwa wakfu.

Mwaka 386 Malkia Justina, mama wa Kaisari kijana, alidai Waario wapewe kanisa mjini humo. Ambrosi alikataa. Askari walilizunguka kanisa, na waamini wakakesha ndani, tayari kufa pamoja na Askofu wao. Mtakatifu Monika alikuwa miongoni mwao. Ili watu wasivunjike moyo, Ambrosi aliwafundisha kuimba zaburi na tenzi kwa desturi ya nchi za Mashariki, jambo lililokuwa geni Milano. Tenzi alizozitunga zilikuwa na beti za mishororo minne, kila mshororo mizani minane, hesabu ile ile ya tenzi za pwani yetu. Hata asiyejua kusoma aliweza kuzishika. Maadui walisema kwamba amewaloga watu kwa nyimbo. Yeye hakukana nguvu yake, kwa maana kwa nyimbo hizo watu wote waliungama Utatu Mtakatifu. Mwishowe askari waliondolewa.

Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi alimbatiza Augustino, mwana wa Monika, ambaye machozi yalimtoka kwa kusikia nyimbo za kanisa lile. Monika alipofariki mwaka huo huo, utenzi wa Ambrosi ndio uliompoza mwanawe. Lakini Augustino huyo huyo alijihesabia kosa kila mara sauti ilipomvuta kuliko maneno yaliyoimbwa.

Ambrosi alifariki tarehe 4 Aprili 397. Tenzi zake, zilizokuwa mpya na zenye kushukiwa, leo ni urithi wa kale wa Kanisa.

Basi, ndugu wasomaji, umri wa wimbo si hoja ya kuukubali wala kuukataa. Tuulize mambo mawili: Je, maneno yake yanaungama imani ya kweli? Je, watu wote wanaimba? Kwaya ikiimba peke yake huku waamini wamekaa kimya kama watazamaji, wimbo uwe wa kale au wa jana, urithi wa Ambrosi umepotea.