Tingatinga: Aliwapa wanyama sura, wengine wakawapa sauti

Tembo mwenye madoadoa, simba mwenye macho makubwa, nyani mwekundu anayependa kusimulia. Watoto wengi wanawajua wanyama hawa kutoka katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Uingereza mwaka wa 2010. Wachache tu wanajua kwamba lile jina ni la mtu. Edward Saidi Tingatinga alikuwa amekufa miaka 38 mbele ya katuni hiyo kutoka, na hakuonja hata franga moja ya feza yake.

Nchini Tanzania tingatinga ni trekta, ile mashine kubwa ya kulima na kusukuma udongo. Lakini kwa huyu mzee lilikuwa jina la ukoo. Leo ukilitaja kwa watu wa sanaa, Dar es Salaam hadi Tokyo, hakuna anayefikiria trekta.

Mtoto wa mkulima

Alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini ya Tanzania, upande wa kuelekea Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima. Masomo alipata kidogo tu. Katika miaka ya 1950 akafanya kama vijana wengi wa wakati ule: akaacha kijiji na kwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Ile kazi ilichosha mwili na ililipa kidogo.

Mwaka wa 1959 akahamia Dar es Salaam, kupitia jamaa yake Salum Mussa, ambaye watu walimwita Mzee Lumumba. Huko akapata kazi ya kutunza bustani kwa mzungu mmoja, Mwingereza. Uhuru ulipofika mwaka wa 1961, wazungu wengi wakarudi kwao, na kazi za nyumbani zikapotea pamoja nao. Tingatinga akaishi kwa kubangaiza: leo kibarua hiki, kesho kile.

Rangi ya kinga juu ya ubao

Alianza kuchora picha za kuuza kati ya mwaka wa 1968, akiwa na umri wa miaka 36. Hakuwa amepita kwenye shule yoyote ya sanaa. Vifaa vyake vilikuwa vya fundi wa mtaani: kipande cha ubao laini wa kutengenezea dari, na rangi ya mafuta ya kupaka kinga, yaani baiskeli.

Kuna watafiti wanaosema wazo la kuuza picha lilitoka Kongo. Wakati ule wachoraji Wakongomani walikuwa wakipeleka picha zao Dar es Salaam, wakiuzia wageni, na inasemekana Tingatinga aliona namna biashara ile ilivyotembea. Kama ni hivyo, basi upande huu wa Ziwa Tanganyika nao una sehemu katika hadithi yake.

Lakini mtindo ulikuwa wake. Alipaka ubao mzima rangi moja, kisha akaweka katikati mnyama mmoja mkubwa: chui, tembo, ndege, kiboko. Juu ya mwili wa mnyama akajaza madoa na mistari. Kivuli hakuna, umbali hakuna. Rangi ya kinga ni nzito na inang'aa. Si rahisi kuichanganya polepole kama rangi za wasomi, kwa hiyo kila rangi ilikaa mahali pake, ikiwa na mpaka wazi.

Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay, ambako wageni wenye feza walikuwa wakinunua chakula. Mke wake, Agatha Mataka, alishiriki katika kuuza. Bei ilikuwa ndogo, lakini picha zilitembea. Kwa wakati fulani Tingatinga alifanya pia kazi ndogo katika hospitali ya Muhimbili, na kuchora akafanya saa za mapumziko.

Soko lilipokua, hakuficha ufundi wake. Aliita jamaa na vijana wa kwao akawafundisha: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata. Walikaa naye, wakachora pamoja.

Risasi ya mwaka wa 1972

Ilikuwa usiku, mwaka wa 1972, Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakifuata wezi. Gari alimokuwamo Tingatinga likadhaniwa kuwa ndilo la wale wezi, na risasi zikapigwa. Tingatinga akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40, na alikuwa amechora kwa miaka minne hivi, basi.

Kama angekuwa amefungia ufundi wake ndani ya sanduku, kazi ingekufa naye. Lakini wale wanafunzi walibaki na brashi mikononi. Mwaka wa 1977 wakaanzisha umoja wao, na mwaka wa 1990 ukageuka ushirika rasmi. Jina la mwalimu wakaligeuza jina la mtindo mzima.

Wanyama waanza kusema

Miaka mingi baadaye, mtayarishaji Mwingereza Claudia Lloyd akaona zile picha, na wazo la katuni likazaliwa: hadithi za Afrika zinazoeleza sababu ya tembo kuwa na mkonga au nyoka kukosa miguu. Zikatengenezwa sehemu 52, kila moja ya dakika 11 hivi. Kampuni ya London, Tiger Aspect, ilisimamia. Kuchora na kutembeza picha kulifanyika Nairobi, katika studio ya Homeboyz, na wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wakashirikishwa.

Ule ufukara wa vifaa vya mwaka wa 1968 ukageuka faida. Katika kompyuta, mnyama asiye na kivuli na mwenye mipaka wazi anakatwa vipande kwa urahisi: kichwa peke yake, mguu peke yake, mkia peke yake. Kila kipande kinatembezwa bila kuchora mnyama mzima upya.

Kisha kuna sauti. Katika kazi ya katuni, mara nyingi sauti inatangulia. Mwigizaji anasimama mbele ya mikro, anasoma maneno, anacheka, analia. Mchoraji anasikiliza na kufungua mdomo wa mnyama kufuatana na yale maneno. Sauti ikichaguliwa vibaya, hata picha nzuri inakufa. Tembo alipewa Lenny Henry, mchekeshaji maarufu wa Uingereza ambaye wazazi wake walitoka Jamaica. Simba alipewa Patrice Naiambana, mwigizaji mwenye asili ya Sierra Leone. Edward Kagutuzi akawa nyani mwekundu. Muziki ulitengenezwa na Mkenya Eric Wainaina.

Hapo ndipo swali linabaki. Sura zilitoka Tunduru na Dar es Salaam, mikono ilikuwa Nairobi, lakini wanyama walizaliwa wakisema Kiingereza. Mtoto wa Kadutu au wa Uvira, ambaye koko yake anamsimulia Sungura na Chui kwa Kiswahili, kwa Kishi au kwa Kifuliiru, amezoea kuona wanyama wa katuni wakisema lugha za mbali. Si kwamba sauti zinakosekana. Katika redio za Kivu, michezo ya kuigiza inachezwa na watu wanaojua kugeuka mzee, mama mkwe au mwizi kwa sauti tu, bila sura.

Tingatinga hakungoja vifaa vya wasomi. Alichukua ubao wa dari na rangi ya kinga, akaita wenzake wakae karibu.