Tullio Campagnolo: Aliyetaka gurudumu lifunguke haraka lakini lisiteleze

Angalia gurudumu la baiskeli ya mashindano, hasa za miaka iliyopita. Katikati kuna kimkono cha chuma. Unakivuta, gurudumu linatoka bila spana. Jina linalotajwa zaidi hapo ni la Muitaliano Tullio Campagnolo, aliyezaliwa Vicenza mwaka 1901.

Ujanani alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Zama hizo, ukifika mlimani unashuka, unalegeza nati zenye masikio, unageuza gurudumu la nyuma ili cheni ikae kwenye gia nyepesi upande wa pili, kisha unakaza tena. Inasimuliwa kuwa mwaka 1927, kwenye mlima Croce d'Aune, baridi na theluji vilimfanya ashindwe kufungua nati. Wenzake wakampita. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka simulizi hiyo, ila mwaka 1933 alikuwa tayari na kampuni yake.

Kufungua haraka ni rahisi. Kazi ni kulizuia gurudumu lisihame. Kila ukikanyaga pedali, cheni huvuta ekseli mbele upande wa kulia. Kwenye fremu zenye mkato uliolala, likilegea kidogo tu linakaa upande, tairi linasugua fremu na safari imeisha. Kwa kimkono kile, fimbo nyembamba hupita ndani ya ekseli, na ukikilaza, fremu inabanwa pande zote mbili.

Miaka ya 1940 Campagnolo akaenda mbali zaidi, pengine mbali mno. Mfumo wake wa Cambio Corsa ulimtaka mwendeshaji alegeze gurudumu la nyuma huku baiskeli ikitembea! Anapeleka mkono nyuma, anafungua, anarudisha pedali kinyumenyume, cheni inahama, anafunga. Gurudumu lilisogea mbele na nyuma ndani ya fremu, na kilicholizuia lisipinde ni meno yaliyochongwa kwenye fremu na ekseli. Gino Bartali alishinda Tour de France ya 1948 akiutumia.

Haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 gia yake ya Gran Sport ilihamisha cheni yenyewe, gurudumu likaachwa limefungwa. Campagnolo alifariki mwaka 1983.

Kimkono bado kipo kwenye baiskeli nyingi, na bado wapo wanaokizungusha kama nati badala ya kukilaza. Kikilala kirahisi, hakijabana.