Shekhar Mehta
Shekhar Mehta (20 Juni 1945 – 12 Aprili 2006) alikuwa dereva wa mbio za magari wa Afrika Mashariki na mtu wa kwanza kushinda Safari Rally mara 5.

Alizaliwa Uganda katika familia ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, Mehta alihamia Kenya. Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, alishinda Safari kwa gari la Datsun 240Z, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Ulikuwa ushindi wa chupuchupu: yeye na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun pia, walimaliza na adhabu sawa za muda, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike.

Kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda miaka 4 mfululizo akiwa na Mike Doughty. Mke wake Yvonne naye alikuwa mwanamashindano, na mara nyingine alimsomea ramani. Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987 ilimwondoa mashindanoni. Baadaye alishika uongozi wa rali katika FIA. Alifariki London.

Datsun 240Z za Safari zinaendelea kuundwa kama modeli. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa modeli yake ya plastiki ya kuunganisha kwa kipimo cha 1:24, yenye urefu wa sentimita 17 hivi. Ikiachwa iking'aa haifanani na gari la Safari, hivyo mafundi huipaka vumbi jekundu, hukandika matope nyuma ya magurudumu, na kwenye kioo cha mbele huacha safi pale tu wipa zinapopita.