Paul Robeson: Mwimbaji aliyenyang'anywa pasipoti akaimba mpakani

WANAOVUKA Mpondwe siku za soko wanajua thamani ya karatasi. Unaweza kuwa na magunia kumi ya maharage na mteja anayekusubiri Kasindi na fedha mkononi, lakini karatasi ikikosekana, daraja la mto Lhubiriha linakuwa refu kuliko barabara ya Kampala. Na ndugu zetu waliorudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi wanalijua jambo hilo zaidi yangu, kwani wapo walioulizwa cheti cha kuzaliwa kilichoungua pamoja na nyumba.

Mimi ni mkazi wa Ibanda na nimefanya biashara ya kahawa kwa muda mrefu. Mwaka mmoja nilikaa siku tisa ng'ambo ya mpaka ambao sitautaja, kwa sababu ofisa mmoja alichukua kitambulisho changu akakitia kwenye droo na kwenda likizo. Kahawa ikashika unyevu na bei ikaporomoka. Niliporudi nikamsimulia mzee mmoja wa Kasese, aliyewahi kuchimba shaba Kilembe. Hakunipa pole. Aliweka kaseti kwenye redio yake, ikatoka sauti nzito ya mwanamume, nzito kama ngoma kubwa inayopigwa bondeni, ikifuatana na piano peke yake. Akaniambia huyo alizuiwa miaka minane. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachopata juu ya Paul Robeson.

Alizaliwa Aprili 9, 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akasoma na kuwa mchungaji. Mama yake alifariki kwa ajali ya moto nyumbani, Paul akiwa bado hajatimiza miaka sita. Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma chuo cha Rutgers, na huko akawa nyota wa mpira wa Kimarekani na mmoja wa wanafunzi bora darasani. Baadaye alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akamaliza mwaka 1923. Lakini ofisini, karani mzungu alikataa kuandika maneno aliyosomewa na mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake akaondoka, na uwakili ukaishia hapo.

Aprili 19, 1925, akiwa na mpiga piano Lawrence Brown, alisimama kwenye ukumbi mmoja mdogo jijini New York akaimba nyimbo za kiroho za watumwa na nyimbo zao za kazi, mwanzo hadi mwisho. Wakati ule kumbi za namna hiyo zilikuwa za nyimbo za Kijerumani na Kiitaliano, na watu walifika wamevaa suti zao nzuri. Nyimbo za mashamba ya pamba hazikuhesabiwa kuwa za hadhi hiyo. Watu walijaa, wengine wakakosa nafasi. Kuanzia hapo alizunguka Marekani na Ulaya. Mwaka 1928 London ilimpokea katika mchezo wa Show Boat, na mwaka 1930 aliigiza Othello humo humo. Alipourudia mchezo huo New York kuanzia mwaka 1943, ulionyeshwa mara 296.

Sasa, msomaji, tuje kwetu. Akiishi London mwanzoni mwa miaka ya 1930, Robeson alijiandikisha kusoma lugha za Afrika, Kiswahili ikiwa mojawapo. Mwaka 1935 alitokea katika filamu ya Sanders of the River, na miongoni mwa Waafrika waliolipwa kuigiza watu wa kijijini humo alikuwamo Jomo Kenyatta. Filamu hiyo iliusifu ukoloni, na Robeson aliijutia maisha yake yote. Sidhani kwamba alikuwa hajui kabisa alichokuwa akiingia, lakini alikiri kosa, na wasanii wengi hawafiki hata hapo.

Yeye mwenyewe hakufika Uganda. Aliyefika ni mkewe, Eslanda, ambaye jamaa walimwita Essie, msomi wa mambo ya jamii aliyekuwa akisoma London. Mwaka 1936 alimchukua mtoto wao wa pekee, Paul mdogo, mwenye umri wa miaka minane, wakapanda meli hadi Afrika Kusini kisha wakaja hadi Toro. Mwenyeji wao alikuwa Akiki Nyabongo wa ukoo wa kifalme wa Toro, ambaye walifahamiana naye Uingereza. Wakati huo Omukama alikuwa George Rukidi wa Tatu, na milima yetu hii, Bwera na Kasese ikiwa ndani, ilihesabiwa sehemu ya Toro. Malalamiko ya Wakonzo juu ya jambo hilo yalikuja kulipuka baadaye na msomaji wa hapa hahitaji kusimuliwa. Essie alikaa na wafugaji, akauliza habari za maziwa na ng'ombe, akapiga picha nyingi. Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1945.

Kwa upande wake, mume alizidi kuingia siasa. Mwaka 1937 alishiriki kuanzisha baraza la kutetea Waafrika lililofanya kazi zake New York. Aliimba kwa wachimba makaa wa Wales, na mwaka 1938 akaenda kuwaimbia askari wa Jamhuri ya Hispania vitani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha na Marekani kuanza kuwinda wakomunisti, akawa adui. Mwaka 1949 watu waliotoka kwenye tamasha lake karibu na Peekskill walipigwa mawe ndani ya magari yao. Kumbi zikafungwa mbele yake. Mapato yake, yaliyokuwa yakipita dola 100,000 kwa mwaka, yakashuka hadi elfu chache.

Mwaka 1950 serikali ikafuta pasipoti yake. Alipokwenda mahakamani, mojawapo ya hoja za serikali ilikuwa kwamba kwa miaka mingi amejishughulisha mno kutetea uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Mtu asiyewahi kukanyaga hapa alifungiwa kwao kwa ajili yetu pia.

Kwenda Kanada Mmarekani hakuhitaji pasipoti, lakini mwanzoni mwa mwaka 1952 alizuiwa mpakani akiwa njiani kwenda kuwaimbia wachimba madini mjini Vancouver. Akawaimbia kwa simu. Kisha chama cha wachimba madini hao kikapanga jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Mpondwe angelielewa mara moja: kama mtu havuki, soko lije kwake. Mei 18, 1952, penye mnara wa amani ulioko mpakani kati ya jimbo la Washington na British Columbia, lori lilisimamishwa upande wa Marekani. Robeson akapanda nyuma ya lori akaimba. Makadirio ya waliofika ni kati ya watu 20,000 na 40,000, wengi wakiwa upande wa Kanada. Hakuvunja sheria yoyote, maana sauti haina mhuri. Ilirudiwa kila mwaka hadi 1955. Mwaka 1957 aliimba tena kwa simu, safari hii kwa waya uliopita chini ya bahari ya Atlantiki, wakamsikia London na Wales.

Mwezi Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mchoraji Rockwell Kent, kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya imani yake ya kisiasa. Robeson akapata yake, akapanda ndege kwenda London. Lakini alikuwa na miaka 60, na muda si mrefu afya ikavunjika. Sitaficha pia kwamba alinyamaza hadharani juu ya mauaji ya Stalin, hali marafiki zake mwenyewe waliteseka Moscow. Hilo wapenzi wake hulipita haraka, na nadhani hawamtendei haki mtu mkubwa hivyo.

Essie alifariki Desemba 1965. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza karatasi wa nyumba ile: barua, shajara, mikataba, programu za matamasha, vipande vya magazeti, kila kitu. Mwaka huo huo wa 1965 kumbukumbu za Robeson zilianzishwa katika Akademia ya Sanaa mjini Berlin, upande wa mashariki wakati huo. Karatasi nyingi za familia ziko Chuo Kikuu cha Howard, Washington. FBI nao walikuwa na majalada yao juu yake, maelfu ya kurasa, kwa hiyo maisha ya mtu huyu yameandikwa mara mbili, na waliompenda na waliomnyemelea.

Robeson alifariki Philadelphia Januari 23, 1976, akaombewa katika kanisa la Harlem ambalo kaka yake alikuwa mchungaji. Mzee wa Kilembe naye hayupo tena, na kaseti yake wajukuu hawajui ilikokwenda. Paul mdogo, yule mtoto aliyefika Toro na mama yake, alitumia miaka mingi kupanga na kulinda karatasi za wazazi wake, na aliandika vitabu viwili vya maisha ya baba yake. Alifariki mwaka 2014.