Karamojo Bell: Mwindaji wa ndovu aliyependa risasi ndogo

Vijana wetu wa Muscat na Dubai wanaojiandaa kwenda kuwinda Afrika huuliza kwanza: ninunue magnum gani? Mimi huwahadithia habari za Walter Bell, Mskochi anayejulikana na wawindaji kwa jina la Karamojo.

Alizaliwa mwaka 1880 karibu na Edinburgh, akabaki yatima angali mdogo. Kabla hajatimiza miaka 20 alishafika Mombasa, akapata kazi ya kuwalinda watu wa Reli ya Uganda na simba. Baadaye akaenda Klondike kwenye dhahabu, akapigana Vita vya Makaburu, kisha akarudi kwetu. Safari zake za Karamoja, kaskazini mwa Uganda, alizianzia Mumias, mji ambao wazee wetu wa pwani walikuwa wakiujua zamani kwa misafara ya pembe.

Wakati ule wawindaji wa Kizungu walibeba bunduki kubwa za mitutu miwili, zenye risasi za gramu 30 na zaidi, zinazopiga teke bega likavimba. Bell alichukua Rigby ya milimita 7, risasi yake gramu 11 tu. Katika maisha yake aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki hiyo.

Aliwezaje? Mimi nilifundisha fizikia sekondari ya misheni miaka mingi, na jawabu ni jepesi. Risasi yenye ncha laini hupanuka ikigonga nyama. Kwa swala ni sawa kabisa. Kwa ndovu, itapanuka ndani ya mfupa wa kichwa, ambao umejaa matundu kama sponji, na itasimama kabla ya kufika kwenye ubongo. Bell alitumia risasi ngumu, iliyovikwa chuma mwili mzima, ndefu, nyembamba, ncha ya mviringo. Risasi ya namna hiyo haipindi wala haipanuki. Huenda moja kwa moja.

Lakini iende wapi? Hapo ndipo penye kazi. Bell alikata fuvu la ndovu kwa msumeno apate kuona ubongo umekaa wapi. Akajifunza kuulenga kutoka ubavuni, kutoka mbele, hata kutoka nyuma kwa mshazari; wawindaji mpaka leo hiyo ya nyuma wanaiita kwa jina lake. Na aliwahi kuziacha bunduki nzuri kwa sababu tu risasi zake hazikuaminika.

Hata hivyo, kijana asinielewe vibaya. Bell alikuwa na shabaha adimu, na alikuwa porini mwaka baada ya mwaka. Leo nchi nyingi za Afrika zinataka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama wakubwa, na sheria hiyo ina maana: mwenye hofu au mkono mzito huhitaji akiba ya nguvu. Ila nguvu ya magnum haiokoi risasi mbovu. Mwendo ukizidi, risasi dhaifu ndiyo kwanza inavunjika, na mnyama aliyejeruhiwa anakimbilia kijijini kwa watu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Bell alikuwa rubani wa ndege. Alifariki Scotland mwaka 1954.

Pembe zake zilipita njia zilezile za biashara zilizowalisha babu zetu wengi, na hilo mimi siwezi kulifumbia macho. Ndovu 1,000 kwa mtu mmoja ni wengi mno. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1989 mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe.

Basi mwanangu, ukishapata kibali, usikimbilie duka la bunduki. Muulize mwenyeji wako unakwenda kuwinda mnyama gani, nunua risasi ya mnyama huyo, na zile utakazopiga nazo shabaha ziwe ndizo zilezile utakazokwenda nazo porini.