Padre Moses Coady na Wavuvi wa Nova Scotia

Habari za wafumaji wa Rochdale wa mwaka 1844 wanachama wetu wamekwisha zisikia mara nyingi. Za Padre Moses Michael Coady hazijulikani sana, na kwa hiyo twaziandika hapa.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1882 katika bonde la Margaree, kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia, mashariki ya Kanada. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye watoto wengi. Alipata kuwa mwalimu, akasoma Roma, akapewa upadre mwaka 1910, kisha akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, mjini Antigonish.

Pwani ile ilikuwa na dhiki kubwa. Mvuvi alikopa nyavu, chumvi na unga kwa tajiri wa duka, naye tajiri yule yule ndiye aliyepanga bei ya samaki wa kulipia deni. Msimu ulikwisha, deni lingalipo. Tarehe 1 Julai 1927, Kanada iliposherehekea miaka 60 ya kuundwa kwake, wavuvi wa Canso walikusanyika kutoa malalamiko, wakitiwa moyo na paroko wao, Padre Jimmy Tompkins, binamu yake Coady. Serikali ikaunda tume, nayo ikashauri wavuvi waungane katika ushirika. Mwaka 1929 Coady akapewa kazi hiyo. Alizunguka kijiji hadi kijiji katika baridi kali, na mwezi wa Juni 1930 umoja wa wavuvi ukaundwa mjini Halifax.

Tangu mwaka 1928 alikuwa pia mkuu wa idara mpya ya chuo iliyopeleka elimu kwa watu wazima vijijini. Nayo njia yake ndiyo iliyomtofautisha na wafadhili wengi. Hakuanza kwa kuwafungulia watu duka. Aliitisha mkutano wa hadhara, akawaeleza kwa sauti yake nene (maana alikuwa pande la mtu) jinsi fedha zao zinavyotoka kijijini zisirudi. Baadaye watu waligawanyika vikundi vidogo, wakakutana kila juma jikoni kwa mmoja wao, wakasoma vijarida vilivyotoka chuoni na kuulizana: unga twanunua kwa bei gani, na faida huenda kwa nani? Asiyejua kusoma alisomewa na mwenziwe. Walipokwisha elewa, waliamua wenyewe la kufanya. Katika kijiji maskini cha Little Dover wavuvi walikata miti kwa mikono yao, wakajenga kiwanda cha kutia kambakoche makoponi. Kwingine walianzisha vyama vya kuweka na kukopa. Kufikia mwaka 1938 vikundi vilipita 1,000, vyenye watu wapatao 10,000.

Aliyepata kusoma mahesabu ya mwaka mbele ya mkutano mkuu ulionyamaza kimya atafahamu kwa nini Coady alishikilia elimu kwanza. Mwanachama asiyejua mahesabu ya chama chake huwa mteja tu, na chama hubaki mikononi mwa karani na wachache wenye kauli.

Wafanya biashara walimshuku Coady kuwa mkomunisti. Yeye aliendelea. Wanawake walikuwa nguzo ya kazi ile. Ida Gallant, baadaye Bibi Delaney, alifanya kazi miongoni mwa wake wa wachimba makaa wa Cape Breton. Hata hivyo vyeo vikuu vilibaki kwa mapadre na wanaume wengine, na hilo twaliona kuwa upungufu wa harakati iliyohubiri kwamba kila mtu aweza kufikiri.

Mwaka 1939 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Mwaka 1952, afya ikiwa imemshinda, aliacha uongozi, naye akafariki Antigonish tarehe 28 Julai 1959. Mwaka ule ule chuo kilianzisha taasisi ya kimataifa yenye jina lake. Wanafunzi waliifikia kutoka Asia, Amerika ya Kusini na Afrika, na miongoni mwao wanaushirika wa Afrika ya Mashariki.